Pima mbele ya kusema: ampli ya zamani ya misheni na kosa langu mwenyewe

Nyinyi wakaaji wa hapa Fizi pembeni ya ziwa, na nyinyi wahami wa vita mnaoishi kambini ao katika nyumba za watu waliowapokea: leo siandiki habari. Ninaandika maoni yangu, na ninaanza kwa kuomba msamaha.

Wengi wenu mnakumbuka tangazo nililosoma kwenye redio kuhusu foni ya misheni, ile redio ya kuitana inayopeleka majina na salamu za jamaa zilizotawanyika. Nilisema lampu mbili za ile mashine kubwa zimekufa, na kila jamaa inayoweza itoe franga 500 ili tuagize zingine. Watu walitoa. Mama mmoja alikuja na franga zake zimefungwa kwenye ncha ya kitenge, akaniuliza kama sauti itarudi mbele ya mwisho wa mwezi, kwa sababu mtoto wake alibaki upande wa milima. Nikamjibu ndiyo, Mama, itarudi.

Lampu hazikuwa zimekufa. Hakuna mtu aliyezipima. Kijana mmoja aliambia mwingine, huyo akaambia kamati, kamati ikaniambia mimi, nami nikatangaza. Ninapokuja kwenye vita ao kwenye siasa, ninatafuta watu wawili watatu mbele ya kusema jambo. Kwa mashine sikutafuta hata mmoja. Nilifikiri mashine haiwezi kusingiziwa. Sasa ninajua inaweza, na anayelipa ni yule mama wa kitenge.

Maoni yangu ni haya: huku kwetu mashine nyingi haziuawi na uzee. Zinauawa na haraka yetu ya kutaja ugonjwa mbele ya kupima. Ninawaelezea hatua kwa hatua namna tulivyotafuta ugonjwa wa ampli ile, ili siku ingine mtu akija kuwaomba mchango, mmuulize amepima nini.

Mashine yenyewe ni ya namna gani

Ile mashine ni ampli ya Heathkit SB-220. Heathkit ilikuwa kampuni ya Marekani, mjini Benton Harbor katika jimbo la Michigan. Kwa kawaida haikuuza mashine iliyo tayari. Iliuza sanduku la vipande pamoja na kitabu cha maelezo, na mnunuzi mwenyewe alikaa mezani na chuma cha kuunganishia, akajenga mashine kwa mikono yake. SB-220 ni ya miaka ya 1970. Maelfu ya watu wa redio ya kujifurahisha, wale wanaozungumza na dunia kwa leseni ya amateri, waliijenga nyumbani kwao. Nyingine zilisafiri na wamisionari. Hii ya kwetu ilikuja hivyo, na mzee wa misheni anayeitumia ana leseni, na jina lake la hewani linaanza na 9Q, ambayo ni alama ya wana amateri wa nchi yetu.

Ampli haizungumzi yenyewe. Redio ndogo ya wati 100 inatoa sauti, ampli inaichukua na kuipa nguvu mbele ya kuipeleka kwenye anteni. Ndani kuna lampu mbili za vioo zinazoitwa 3-500Z, kila moja kubwa kupita kikombe cha chai. Ili zifanye kazi zinahitaji vitu viwili. Kwanza, moto wa filamenti: volti 5 tu, lakini ampere 14 na zaidi kwa kila lampu. Pili, volti ya juu sana kwenye anodi: karibu 3000 pale swichi ikiwa upande wa sauti, na karibu 2400 ikiwa upande wa mors.

Kumbukeni hesabu hizo mbili, 5 na 3000. Ile ya kwanza ilituonyesha ugonjwa. Ile ya pili ilitaka kutuulia kijana.

Kijana na kidole chake

Nyuma ya tangazo langu, kijana mmoja wa kambini, mwenye akili na mwenye kutengeneza simu za watu, alitaka kusaidia. Alizima mashine, akachomoa waya, akangoja kidogo, akaona sindano ya volti imeshuka karibu na sifuri. Akafungua kifuniko. Swichi ya usalama ya kifuniko, ile inayopashwa kukinga mtu, ilikuwa imefungwa kwa waya na mtu wa zamani ambaye hatumjui. Kijana akapeleka mkono kati ya kondensateri. Alitupwa nyuma mpaka ukutani. Kidole kiliungua, na moyo wake, asante Mungu, uliendelea kupiga.

Sababu ni hii. Ndani ya SB-220 kuna kondensateri nane zilizopangwa kwa mfululizo, kama watu nane wanaobeba gogo moja. Kila moja ni ya mikrofaradi 200 na inavumilia volti 450. Volti 3000 ukizigawanya kwa nane, kila moja inabeba 375. Pembeni ya kila kondensateri kuna rezistansi ya kilo-omu 30. Kazi yake ni mbili: kugawanya mzigo sawasawa, na kumwaga umeme uliobaki pale mashine ikizimwa. Rezistansi zote zikiwa nzima, mzigo wote unamwagika katika nusu dakika hivi. Rezistansi moja ikikatika, kondensateri yake inabaki imeshiba hata mashine ikiwa imechomolewa ukutani. Rezistansi moja ya kwetu ilikuwa imekatika. Sindano ilionyesha karibu sifuri, na kijana akaisoma kama sifuri.

Kwa hiyo ninasema wazi, na msikie vizuri: kama hujafundishwa, usifungue mashine ya lampu. Si ya foni, si ya redio ya mji. Kondensateri hizo zikishiba zote zinashika zaidi ya jouli 100. Mashine ya kushtua moyo hospitalini inatumia nguvu ya kiasi hicho kuurudisha moyo, na mkononi mwako nguvu hiyo hiyo inaweza kuusimamisha.

Papa fundi tuliyemtafuta kiisha, mtu mzima aliyefanya kazi ya visambaza-sauti vya redio tangu ujana wake, alikuja na desturi zake. Alichomoa waya na kuuweka mfukoni mwake, ili mtu asiurudishe kwa kutojua. Alingoja. Alifungua kifuniko bila kugusa ndani. Alichukua fimbo kavu ya plastiki yenye chuma kwenye ncha, na waya mnene uliofungwa kwenye mwili wa mashine, akagusisha volti ya juu na chini. Kiisha akafanya hivyo kwa kila kondensateri, moja moja. Kiisha akapima. Mkono wake wa kushoto ulikaa mfukoni muda wote, ili umeme ukikosea njia usipite katikati ya kifua. Na alikataa kuanza kazi mpaka mtu wa pili akae chumbani na kujua wapi pa kuzima.

Nilimuuliza: "Papa, haya yote ni ya lazima?" Akaniambia: "Mwanangu, mimi ni mzee kwa sababu ya haya yote."

Alianza mbali na lampu

Sisi wote tulimngojea atoe lampu. Hakuzigusa siku hiyo. Aliuliza swali ambalo hakuna mtu aliyeliuliza: bila ampli, redio ndogo peke yake inasikilika namna gani?

Tulikuwa hatujui. Basi akaondoa ampli kabisa. Redio ndogo akaifunga kwenye anteni ya bandia: kopo la chuma lenye mafuta, na ndani yake rezistansi ya omu 50 inayokula nguvu yote bila kuipeleka hewani. Mita ikaonyesha wati 100. Redio nzima. Akaihamisha kwenye anteni ya kweli. Mita ikaonyesha nguvu nyingi inarudi nyuma, kama maji yanayokuta mfereji umeziba.

Tulipanda kwenye mti. Pale kebo inapokutana na waya za anteni, kifungio kilikuwa kijani kwa kutu, na maji ya mvua yalikuwa yameingia ndani ya kebo. Tulikata mita kadhaa ikiwa bado nyeusi ndani. Tuliweka kebo ingine, tukaifunga vizuri kwa mpira na utepe, na tukaiacha ining'inie kidogo mbele ya kuingia dirishani ili maji yadondoke nje. Waya za anteni pia tulizipima: kwa megahezi 7.1, waya mbili pamoja zinapashwa kuwa na urefu wa mita 20 hivi. Upande mmoja ulikuwa umekatika na kufungwa upya na mtu, ukawa mfupi.

Siku ile ile, saa nne asubui, redio ndogo bila ampli ilijibiwa na vituo viwili ambavyo hatukuvisikia kwa wiki nyingi. Anteni mbovu haikuwa inatuziba mdomo tu. Ilituziba masikio pia. Ampli haisaidii masikio hata kidogo: inakuza unachosema, haikuzi unachosikia.

Hapo nilikumbuka franga za watu, nikanyamaza.

Kiisha, umeme

Siku ya pili ndipo ampli ilirudishwa mezani, kwenye kopo la mafuta, si kwenye anteni. Ilipashwa kutoa wati 500 ao 600 swichi ikiwa upande wa volti ya chini. Ilitoa 250. Kwa hiyo ilikuwa kweli inaumwa. Watu wote wakasema: "Tumesema, lampu!"

Papa fundi akapeleka multimeta kwenye tundu la umeme ukutani. Mashine ikiwa imetulia, volti 226. Tulipoita kwa sauti ndefu, volti zikashuka mpaka 187.

SB-220 inaweza kufungwa kwa umeme wa 120 ao wa 240. Ya kwetu imefungwa kwa 240. Fanyeni hesabu pamoja nami. Kwa volti 240, filamenti inapata 5. Kwa 187, inapata chini kidogo ya 4. Watengenezaji wa lampu hizi wanataka filamenti ibaki kati ya 4.75 na 5.25. Filamenti yenye baridi haitoi elektroni za kutosha. Lampu nzima inafanya kazi kama mgonjwa. Na volti ya juu nayo inashuka kwa kiasi hicho hicho.

Umeme ulipotelea wapi? Grupu yetu, yaani jenereta, ilikuwa nyuma ya kanisa ili kelele isisumbue. Kutoka pale mpaka chumba cha foni tulivuta waya wa mita 60, mwembamba, wa kuwashia taa. Waya mwembamba ukivutwa mbali unakula volti njiani, na unavyozidi kuomba ndivyo unavyozidi kula. Grupu yenyewe pia ni ndogo na imechoka. Tuliisogeza karibu, tukaweka waya mnene. Volti ikabaki juu ya 220 hata wakati wa kuita. Ampli ikatoa wati 480 na lampu zile zile tulizokuwa tumezizika.

Lampu zote mbili ziliwaka sawasawa. Anodi ziliiva na kuwa nyekundu kidogo, na vijana wakashtuka. Papa fundi akacheka: kwa 3-500Z wekundu hafifu ni wa kawaida. Kitu cha kuogopa ni feni kusimama. Lampu hizi zinashikwa na vifungio vya chuma chini, na hewa isipopita, risasi ya vifungio hivyo inayeyuka. Feni yetu ilikuwa imejaa vumbi na manyoya ya kuku. Tuliisafisha, tukatia tone la mafuta.

Kilichokuwa kimeharibika kweli

Ndani ya mashine, ugonjwa wa kweli ulikuwa mmoja: ile rezistansi iliyokatika, na kondensateri yake iliyovimba kwa sababu ilibebeshwa mzigo kupita wenzake. Vijana walitaka kubadilisha moja tu. Papa fundi alikataa. Kondensateri hizo zilizaliwa siku moja na zimezeeka pamoja. Ukiweka mpya moja kati ya wazee saba, hazitagawanya mzigo sawasawa. Tukaagiza zote nane na rezistansi nane. Bei yake yote ilikuwa chini sana ya bei ya lampu mbili, maana lampu moja mpya ya 3-500Z inapita dola mia moja mbele hata ya kuisafirisha.

Tulingoja miezi miwili vipande vifike. Mashine ilifungwa, na karatasi ikabandikwa juu: USIWASHE.

Kuna hatari ingine ambayo aliandika kwa rangi nyekundu nyuma ya mashine. Waya unaotoka kwenye redio kwenda kuamrisha ampli iwake una volti zaidi ya 100 kwenye SB-220 ya asili. Redio za zamani zilivumilia. Redio mpya ndogo, zile ambazo wafadhili wanatuletea, hazivumilii. Ukiunganisha moja kwa moja, unaweza kuichoma redio mpya siku ya kwanza. Lazima kuwe na kisanduku kidogo cha relei katikati. Mtu akikuletea redio mpya kwa ampli ya zamani, muulize kuhusu waya huo mbele ya kusema asante.

Jambo ambalo sikulingojea

Katika miezi miwili ile ya kungoja, foni haikunyamaza. Redio ndogo ya wati 100, kwa batri na pano ya jua, ikiwa na anteni iliyotengenezwa, ilipitisha ujumbe karibu kila siku. Asubui na mchana, kwenye megahezi 7, anteni iliyo chini kidogo inapeleka sauti juu, na sauti inarudi chini ndani ya kilometa mia mbili tatu. Huko ndiko ndugu zetu wengi waliko.

Papa fundi alinipa hesabu iliyoniaibisha. Ukizidisha nguvu mara mbili, unapata desibeli 3 tu. Ili sindano ya yule anayekusikiliza ipande alama moja, unahitaji nguvu mara nne. Kutoka wati 100 kwenda 400 ni alama moja. Kutoka 100 kwenda 600 ni alama moja na kitu kidogo. Alama moja inaweza kuokoa ujumbe siku hewa ina kelele nyingi ao usiku wakati wa radi. Lakini kebo yetu iliyojaa maji ilikuwa inatunyang'anya zaidi ya hiyo, nasi tulitaka kununua lampu ili tuijaze maji kwa nguvu kubwa zaidi.

Watu wengine watasema: kwa nini kusumbuka na mashine ya wazee wetu? Kuna simu. Ninakubali. Pale mtandao upo na mtu ana uniti, simu ni bora, na mtoto aliyepotea lazima jamaa yake iende kwa wajitolea wa Croix-Rouge, maana ile ni kazi yao na wana njia zao za kutafuta. Lakini mnajua pamoja nami kwamba mtandao unakatika siku ile ile tunayouhitaji. Na ninakubali jambo la pili pia: ampli si ya kila siku. Inakula mafuta ya grupu, na mafuta ni pesa. Siku hizi iko tayari na imefunikwa kitambaa, na tunaiwasha siku ngumu tu. Wengine wanasema basi tulipoteza muda kuitengeneza. Mimi ninasema hapana, kwa sababu bila kuitengeneza tusingejua kwamba anteni ndiyo ilikuwa inakufa.

Ninachoomba

Kwa wafadhili na mashirika yanayotuletea mashine: asanteni, lakini mashine bila multimeta, bila fyuzi za akiba, bila kitabu cha maelezo na bila siku tano za kufundisha watu wawili, hiyo tunaiita zawadi ya mwaka mmoja. Wekeni pesa ndogo ya matengenezo kwenye karatasi zenu, kama mnavyoweka pesa ya mafuta ya gari.

Kwa wakubwa wa redio zetu za jamii: visambaza-sauti vyetu vya FM vina ugonjwa ule ule. Umeme dhaifu, feni yenye vumbi, kifungio chenye kutu juu ya mlingoti. Wekeni daftari pembeni ya mashine. Kila asubui andikeni volti ya ukuta, nguvu inayotoka, nguvu inayorudi. Inachukua dakika mbili. Siku sauti ikishuka, daftari litawaambia ni tarehe gani ilianza kushuka, na hakuna atakayehitaji kubahatisha.

Kwa wazee mafundi: msiende na ujuzi wenu. Papa huyu alikuwa anaishi kilometa chache kutoka kwetu, na hakuna aliyemuuliza kitu kwa miaka. Sasa ana wanafunzi wanne kila siku ya posho, wawili kati yao wasichana, na yule kijana wa kidole ndiye wa kwanza kufika. Ni yeye anayeshika fimbo.

Kwa vijana: kuwa na moyo wa kujaribu ni jambo zuri. Lakini foni inahitaji leseni, na kazi ya mawasiliano inasimamiwa na ARPTC. Katika sehemu ya vita, waya mrefu juu ya mti unaleta maswali kutoka kwa watu wenye bunduki. Fanyeni kazi na mwenye karatasi.

Na kwa sisi waandishi: tusiseme mashine "imekufa" kwa sababu mtu mwenye uso wa huzuni ametuambia. Tuulize: nani amepima? Amepima kwa kitu gani? Amepata hesabu gani?

Pesa zenu

Mchango wenu haukununua lampu. Tulikutana chini ya mti wa mwembe, kamati, wahami na wakaaji, na nilisoma hesabu kwa sauti. Watu waliamua wenyewe: pesa zikanunua multimeta moja, kebo ya anteni, waya mnene wa grupu, kondensateri nane na rezistansi nane. Karatasi za manunuzi zimebandikwa kwenye mlango wa chumba cha foni, na kila mtu anaweza kuzisoma. Yule aliyetaka franga zake zirudi alirudishiwa. Walikuwa watu watatu, na walikuwa na haki.

Mama wa kitenge hakutaka kurudishiwa. Alikaa mpaka mwisho wa kikao, kiisha akaniuliza kama jina la mtoto wake lilipita. Lilipita. Lilisomwa mara tatu kwa siku tofauti, kwa wati 100. Mpaka leo ninapoandika, jibu halijafika, na sitamwambia neno ambalo sijalisikia mwenyewe kwenye foni.

Wenye kuleta ujumbe, mje asubui kati ya saa tatu na saa tano. Andikeni jina la anayetafutwa, jina la baba na la mama, na kijiji alichotoka. Msiandike mahali watu wenye silaha walipo wala njia ambayo jamaa itapita: foni haina siri, kila mwenye redio anasikia. Na hamlipi kitu.